Mikono Mfukoni

Ukiingia kwenye ukumbi wetu wa majaribio siku ambayo saa zimeshasawazishwa, utadhani watu wote wanasikia baridi. Kila mtu mikono mfukoni. Turi, mwendesha mashine, mikono mfukoni. Mimi Ninfa, ninayesimamia saa zenyewe, mikono mfukoni, na kama gauni la siku hiyo halina mifuko, mikono naifunga nyuma kama mtuhumiwa. Ni sheria ya Profesa Gesualdo Impallomeni, na Profesa akitunga sheria huisikia mpaka muuza samaki wa kule Noto mjini.

"Saa zikishasawazishwa, hakuna kugusa!" hupiga kelele, kidole juu. "Hata kwa pumzi! Anayegusa kebo yangu ananigusa mboni ya jicho!"

Anayekamatwa ananunua granita ya lozi, ile barafu laini tamu, na brioshe, mkate wa kuilia, kwa jengo zima. Mimi nimeshalipa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimejikwaa tu, lakini ukijitetea mbele ya Profesa unaongezewa sinia la kanoli zilizojaa jibini tamu. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulipa tangu sheria ianze, na jambo hilo hatukuacha kulisikia.

Ukali wote huo unatokana na kinasa chetu cha nyutroni. Ni kitu cha kupendeza, mimi nakisifu bila aibu: nyuzi za plastiki, nyembamba kama tambi, zimelazwa tabaka juu ya tabaka, kila uzi unamzidi mtu mrefu kwa urefu. Nyutroni haina chaji, haionekani, inapita vitu kama vile haijaviona. Lakini ikigonga uzi wetu, pale ilipogonga panazuka cheche ya mwanga, na cheche hiyo inakimbia kuelekea ncha zote mbili. Kila ncha ina jicho la kielektroniki. Jicho la kushoto likiona kwanza, nyutroni iligonga upande wa kushoto; la kulia likiona kwanza, iligonga kulia. Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza, isipokuwa tofauti tunayoipima ni ya nanosekunde chache, na sekunde moja ina nanosekunde bilioni.

Sasa, hata ndani ya kebo ishara inachukua muda wake: sentimita ishirini kwa kila nanosekunde. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna anayepima kebo kwa mita. Mtu anasema "nipe kebo ya ishirini", na anayeuliza "ishirini nini?" tunajua ni mgeni, tunamwonyesha mashine ya kahawa ilipo. Ukibadilisha kebo moja baada ya saa kusawazishwa, umeidanganya saa, na saa ikidanganywa inakudanganya na wewe.

Masika yale kamati ilikuja kutoka Milano. Ukumbi ni mmoja na waliouomba ni vikundi viwili. Kamati ikitukubali, kinasa chetu kinapewa ukumbi na mimi napata ajira ya kudumu, kitu ambacho mama yangu alishaacha kukiombea akahamia kuniombea mume. Ikitukataa, kikundi kinavunjwa, Profesa anastaafu mwezi wa saba bila ngoma wala tarumbeta, na mimi nahamia Torino kwenye chumba cha nyuma kwa wifi yangu Loredana, mwanamke mwema anayechemsha tambi mpaka zinakuwa uji. Nilikuwa nimeshaota chumba kile mara kadhaa, na sijawahi kuamka nikiwa na furaha.

Siku moja kabla kamati haijafika nilisawazisha saa mwenyewe, pande zote mbili, nikarudia, nikarudia tena kwa sababu ya woga. Kila kitu kilikaa sawa. Tukatoka ukumbini mikono mfukoni.

Asubuhi kiongozi wa kamati akaingia chumba cha uendeshaji. Dokta Ottavia Brambati ni mwanamke mkavu, nywele za mvi zimekatwa fupi, viatu visivyo na kelele. Nyuma yake wanaume wawili waliokuwa wakiandika hata kabla hatujasema kitu.

"Nionyesheni doa," alisema. Hakuna salamu ndefu Milano.

Jaribio lilikuwa jepesi la kutisha. Ukumbini kuna ukuta mnene wa zege wenye tundu moja dogo. Mwale wa nyutroni unapita kwenye tundu hilo tu, kinasa kiko upande wa pili, na kwenye skrini panatakiwa kuonekana doa jekundu juu ya msalaba wa katikati. Turi akawasha. Tukasubiri. Doa likaanza kujijenga, nukta kwa nukta, zuri, dogo, limekaza, doa la kutolea machozi.

Lilikuwa shubiri nzima kulia kwa msalaba.

Dokta Ottavia aliinama, akavaa miwani, akavua.

"Pale ulipoonyesha doa lako," aliniuliza, "kwenye ukuta pana nini?"

"Zege, Dokta."

"Kwa hiyo nyutroni zenu zinatoboa zege."

Mmoja wa waandishi wake aliandika neno moja tu. Sijui ni lipi, na sikutaka kulijua.

Nikamgeukia Turi kwa sababu nilihitaji mtu wa kumgeukia. "Wewe umeupinda mwale!"

"Mimi?" Turi aliweka kikombe chake chini taratibu. "Ninfa, dada yangu, mwale wangu umenyooka kuliko maadili ya ukoo wako wote."

"Ukoo wangu uache."

"Na wewe mwale wangu uache. Tazama vipimo hivi hapa, vinapita katikati ya tundu. Kinasa chako ndicho kimelewa."

Niliangalia vipimo vyake. Alikuwa sahihi, mshenzi yule. Nikatazama huku na huku nimtafute Profesa, maana hapo ndipo alipotakiwa kuwa anaruka, anapiga meza, anamlaani Turi na mama yake. Profesa alikuwa amesimama mlangoni, kimya kabisa. Mikono ilikuwa mfukoni. Halafu akasema anakwenda kunywa kahawa, akaondoka.

Profesa kuondoka kwenye ugomvi! Tangu nimfahamu sijawahi kuona jambo hilo.

"Mashine inazimwa saa saba," alisema Dokta Ottavia akiangalia saa yake. Alikuwa ameshaambiwa kwamba Turi hula chakula cha mchana nyumbani, mwale uwepo usiwepo. "Baada ya hapo nina treni. Mna maelezo, au niandike ninachokiona?"

Niliomba nusu saa. Nikakaa mbele ya skrini nikiwa na hasira, na hasira huwa inanisaidia kufikiri. Nilifungua nyuzi moja baada ya nyingine. Kama jicho moja limechoka, uzi mmoja ungehama na nyingine zingebaki mahali pake. Lakini zote zilikuwa zimehama, za juu, za chini, za katikati, zote kuelekea kulia, zote kwa kiasi kilekile. Hakuna hata moja iliyobaki nyuma.

Kitu kinachozihamisha zote pamoja lazima kiwe kitu zinachokitegemea zote. Na zote zinategemea kebo mbili pacha. Mashine ikitoa nyutroni inatoa pia ishara ya kuanza, "haya, hesabu!", na ishara hiyo inagawanywa: kebo moja ya ishirini inaipeleka kwenye saa za kushoto, nyingine ya ishirini kwenye saa za kulia. Saa za kushoto zikisikia "haya" mapema, zitahesabu muda mrefu zaidi, na zitadhani cheche imetoka mbali, huko kulia.

Nikapiga hesabu kutoka kwenye shubiri ile. Nanosekunde tatu na kidogo.

"Dokta," nilisema, na sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Kinasa hakikukosea. Kebo ya kuanzisha saa za kushoto ni fupi. Fupi kwa sentimita sitini na mbili."

Alinitazama. "Jana ulisawazisha ikiwa fupi?"

"Hapana. Ningesawazisha nayo, tofauti ingeshaondolewa. Imebadilishwa baadaye."

"Na nani?"

Kuingia ukumbini si jambo la kificho: kila anayeingia anachomoa ufunguo wake ubaoni, na ufunguo mmoja ukikosekana mashine haiwaki, ndiyo maana hatujakaangwa mpaka leo. Nikamtazama Turi. Turi akatazama kahawa yake.

"Asubuhi ulichelewa kuwasha," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unasubiri ufunguo wa nani?"

"Usiniulize, dada."

"Turi."

"Alisema anakwenda kukiamkia kinasa. Mzee anastaafu, ningemzuia kukiamkia kinasa chake?"

Nilitoka mbio. Sikwenda kwenye mashine ya kahawa, nilikwenda moja kwa moja ofisini kwake. Juu ya meza yake kuna msumari, na tangu nilipofika maabara hii kwenye msumari huo kulikuwa na kebo ya zamani imezungushwa duara, imefungwa kipembe chekundu cha kufukuza kijicho. Kila aliyewahi kufagia chumba kile anajua kwamba hiyo haifutwi vumbi bila ruhusa. Kebo ile ilikuwa kwenye kinasa chetu cha kwanza kabisa siku kilipoona nyutroni yake ya kwanza. Aliitengeneza Venerina, fundi wa kebo wa maabara, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Profesa, na ambaye tulimzika majira ya vuli yaliyopita.

Msumari ulikuwa mtupu. Profesa alikuwa amekaa chini yake.

"Nilitaka tu tuwe naye," alisema kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa nimekuja kupiga kelele, na bado nilipiga. "Profesa! Baada ya kusawazisha! Wewe! Nimenunua granita mara mbili katika jengo hili, mara moja kwa kujikwaa!"

"Ni kebo ya ishirini, Ninfa. Nimetoa ya ishirini nimeweka ya ishirini. Imeandikwa hapo, kwa mkono wake. Venerina hakuwahi kukosea kebo hata moja."

"Hakukosea yeye. Wewe ndiye uliyeikata. Vichwa vyake umevibadilisha mara ngapi?"

Akafikiri. Kila kichwa cha kebo kikichakaa unakikata, unapunguza kidogo, unafunga kipya. "Kila kilipochakaa," alisema. "Kwa miaka thelathini." Halafu kwa aibu, "Na mara moja mbwa aliitafuna."

"Mbwa!"

"Alikuwa mdogo bado."

Nikakaa juu ya meza yake, juu ya karatasi zake. Sikujua nicheke au nilie, na nilikuwa karibu na vyote viwili.

"Sikia, mwanangu," alisema akinisogelea. "Bado mna muda kabla ya saa saba. Ingia, irudishe ile ya jana, doa litarudi katikati. Waambie kichwa kilikuwa kimelegea. Nani atajua?"

Moyo wangu ulishikwa na kishawishi, sitadanganya. Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kushika koleo. Lakini nilimwona Dokta Ottavia akivaa miwani na kuivua.

"Nimeshamwambia ni fupi," nilisema. "Nimemtajia na urefu. Nikirudi sasa na hadithi ya kichwa kilicholegea, ataona nimesukuma doa kwa mkono wangu. Nitatoka hapa na jina la mghushi, Profesa, na jina hilo litanifuata mpaka Torino kwenye tambi za uji. Mimi nakupenda kama baba yangu, lakini hilo sikubebei."

Alitazama msumari. Kisha akasimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote, jambo analolifanya kwenye harusi na maziko tu.

Tulirudi chumba cha uendeshaji. Dokta Ottavia alikuwa amesimama dirishani, na waandishi wake walikuwa wanakula lozi za Turi. Profesa aliingia hadi katikati ya chumba, akatoa mikono mfukoni, akainyoosha mbele watu wote waione.

"Ni hii," alisema. "Mikono hii hapa. Asubuhi, baada ya saa kusawazishwa, niliingia nikabadilisha kebo. Ninfa hakujua. Hakuna aliyejua."

"Kwa nini?" aliuliza Dokta Ottavia.

Nilidhani atatunga kitu. Ana kipaji hicho. Lakini alijibu, "Mke wangu ndiye aliyeitengeneza. Nilikuwa naogopa leo, na sijazoea kuogopa bila yeye."

Mmoja wa waandishi aliweka kalamu chini. Hata lozi ziliacha kutafunwa.

"Zima mwale," Dokta Ottavia alimwambia Turi. "Nipe ufunguo. Na tepu ya kupimia."

Tuliingia watu wanne, funguo nne. Sisi watatu tulikuwa mikono mfukoni kwa mazoea, yeye peke yake mikono nje. Kebo ilikuwa pale, imezungushwa nyuma ya saa za kushoto, kipembe chekundu kinaning'inia kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa. Aliichomoa mwenyewe. Akachukua na ile ya jana, ambayo Profesa alikuwa ameificha chini ya meza, akazinyoosha zote mbili sakafuni sambamba, akapiga magoti na suruali yake safi ya Milano.

"Ulisema ngapi?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Sitini na mbili."

Alisoma tepu. Akasoma tena. "Sitini na moja."

"Tepu imejipinda pale," nilisema. Turi akanikanyaga mguu.

Dokta Ottavia aliinua uso, na nikaona kitu ambacho baadaye Turi aliapa kuwa ni tabasamu. "Kwa hiyo," alisema taratibu, "mtu mwenye ufunguo, tena mwenye kinasa mwenyewe, amekihujumu kwa siri. Na kinasa kimesema ni upande gani, ni kebo ipi, na ni kiasi gani, kikakosea kwa upana wa ukucha wangu."

"Sikukihujumu," alinung'unika Profesa.

"Umekihujumu, Gesualdo. Na hilo ndilo jaribio bora nililoliona mwaka huu. Wale wenzenu wa kikundi cha pili walinionyesha doa katikati na hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini." Alisimama akipangusa magoti. "Ukumbi nitapendekeza mpewe nyinyi. Wewe mzee nitakuandika kwenye ripoti kama ulivyofanya, sitapunguza neno."

"Andika," alisema Profesa. "Kwa herufi kubwa."

Nilimfikiria Loredana na chumba chake cha nyuma, nikamtakia kila la heri.

Dokta Ottavia alikuwa bado ameshika kebo ya kipembe. "Rudisheni ya jana mnionyeshe doa katikati kabla ya treni. Na hii? Inakwenda kwenye takataka?"

Profesa aliinyooshea mkono, halafu akakumbuka sheria yake, akaurudisha mkono mfukoni. Sijawahi kumwona mtu anayetaka kitu kama alivyotaka kebo ile, na hakuiomba.

"Haitupwi," nilisema. "Leo tunaonyesha na ile ya jana. Kesho narudisha hii, nasawazisha upya nayo ikiwa ndani. Saa haijali kebo ni ndefu au fupi, inataka tu kujua mapema."

Turi akawasha. Doa likakaa juu ya msalaba saa saba kasorobo, na saa saba kamili akazima akaenda kwa mkewe. Profesa alishuka Noto mwenyewe na gari lake bovu, akarudi na granita ya lozi kwa jengo zima, brioshe mbili mbili, na sinia la kanoli juu, kwa sababu nilimkumbusha kwamba alijaribu kujitetea. Aligawa kwa mkono wake, ofisi kwa ofisi, na kila mlango alipofika alisema kosa lake lote tangu mwanzo, na mbwa aliyetafuna kebo alizidi kuwa mkubwa mlango hadi mlango.

Mwezi wa saba alistaafu, na ngoma tulimpigia. Kebo iko mahali pake, nyuma ya saa za kushoto, pamoja na kipembe chake. Wanafunzi wapya wakifungua programu ya kinasa wanakuta, kwenye mstari wa kwanza kabisa wa hesabu, nanosekunde tatu nukta moja zinazoondolewa kila nyutroni inapopita. Badala ya "marekebisho ya kushoto" nimeandika hapo VENERINA. Huwa wananiuliza ni kifupisho cha nini. Nawaambia watoe mikono mfukoni kwanza, waketi, nitawaeleza.